Tupeni nyumba moja Mji wa Kale: barua ya wazi kuhusu kura ya wanawake wa Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, kwa Waheshimiwa wajumbe wa Bunge la Kaunti, na kwa wakuu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Assalaam aleykum, na salamu za heshima kwenu nyote.

Ninawaandikia kuomba jambo moja. Naomba nyumba moja ya mawe katika Mji wa Kale, isiwe kubwa, ya vyumba vitatu au vinne na ua wake, itengwe iwe makumbusho ya haki ya wanawake ya kupiga kura na ya wanawake waliotangulia katika mwambao huu. Siombi sanamu, siombi barabara ibadilishwe jina, na wala siombi ukumbi wa mikutano. Naomba nyumba yenye mlango unaofunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, yenye mtu anayejua kilichomo ndani.

Marehemu nyanya yangu alikuwa na kasha la msaji lenye njumu za shaba, ambalo sisi wajukuu hatukuruhusiwa kulifungua ila yeye mwenyewe akiwa amekaa kando yake. Ndani mlikuwa na vitu vya kawaida vya mwanamke wa rika lake wa mtaa wetu wa Kibokoni: chupa tupu za manukato, udi uliofungwa kwa karatasi, hati ya ndoa, na chini kabisa leso moja iliyofifia jina lake hata likasomeka neno moja tu la mwisho. Leso ile aliivaa ndani ya buibui siku moja ya Mei 1963 alipokwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza, akaifua, akaikunja, asiivae tena. Alikuwa akitusimulia kwamba walitoka alfajiri wanawake wanne wa mtaa mmoja, wakasimama foleni hadi jua likawaka, na kwamba karani alipomtaka afunue uso ili atambuliwe alimjibu, “Nimekuja kupiga kura, sikuja kuposwa.” Akaletwa mwanamke mwenziwe wa kumtambua, na mambo yakaenda. Mpaka anafariki hakutwambia alimpigia nani. Tulipomshika sana alisema kura ni siri, na hapo angebadilisha mazungumzo.

Pamoja na leso palikuwa na picha. Ilikuwa ya chama chake cha lelemama, ile ngoma ya wanawake wa mwambao, wanawake zaidi ya kumi wamepanga safu katika sare moja, wa mbele wameketi na pembe za nyati mapajani, na nyuma ya picha majina yote yameandikwa kwa hati za Kiarabu. Miaka kadhaa iliyopita alikuja nyumbani ofisa wa ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu, akaiazima kwa maonyesho ya sikukuu. Alikuja kwa adabu, akanywa kahawa, akaahidi kuirudisha wiki ya pili. Hakuacha hata kipande cha karatasi, na sisi kwa haya ya kwetu hatukukidai. Picha haikurudi. Tulipofuatilia, ofisa alikuwa amehamishwa, na aliyeshika nafasi yake hakukuta daftari lolote lenye kumbukumbu ya kitu kilichoazimwa. Majina yale yote yalikwenda na picha, maana nyanya alikuwa amekwisha kufariki na hapakubaki mtu wa kuyataja. Nalieleza hili mapema ili ifahamike kwamba ninapoomba makumbusho, kitu cha kwanza ninachokifikiria si kabati la kioo. Nafikiria daftari la kupokelea vitu, na risiti.

Sasa niseme kwa nini jambo hili ni la Mombasa hasa. Historia ya kura ya wanawake katika nchi hii haikwenda kwa hatua moja. Mwaka 1919 kura ya Baraza la Kutunga Sheria ilitolewa kwa walowezi wa Kizungu, wake kwa waume, na kwa hivyo mke wa mlowezi alipata kura ya koloni hili karibu miaka arobaini kabla ya Mwafrika yeyote, awe mwanamume au mwanamke, kumchagua mjumbe wake. Waafrika walipochagua wajumbe wanane mnamo Machi 1957, ambapo kiti cha Pwani kilikwenda kwa Ronald Ngala, kura ilikuwa inapimwa kwa mizani: elimu, kipato, mali, umri na utumishi ndivyo vilivyompa mtu sifa, na aliyekuwa na sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Mizani ya namna hiyo haikuhitaji kumtaja mwanamke kwa jina ili kumwacha nje, kwani ni wangapi waliokuwa wamepelekwa skuli, na ni wangapi waliokuwa na mshahara au shamba la jina lao?

Hapa Mombasa palikuwa na kizuizi cha ziada. Wanaume wa jamii ya Kiarabu walikuwa na kura ya kumchagua mwakilishi wao, lakini wanawake wa jamii hiyo hiyo, dada zao na wake zao waliokaa nao nyumba moja, hawakuwa nayo. Mwaka 1958 wanawake hao wakapeleka serikalini ombi la maandishi kudai kura. Naomba Waheshimiwa mlitafakari jambo hilo kwa utulivu. Hawa ni wanawake ambao vitabu vingi, na hata baadhi ya wajukuu wao, huwaeleza kama watu wa ndani waliosubiri kuamuliwa kila jambo. Kumbe walikaa, wakakubaliana maneno, wakatia sahihi, wakapeleka. Ukienda leo katika skuli yoyote ya mji huu ukauliza wanafunzi juu ya ombi la 1958, watakutazama tu. Siwalaumu, kwa sababu hakuna mahali walipopelekwa wakalisikia.

Mwaka huo huo wa 1958 Ngome ya Yesu iliacha kuwa jela, kazi iliyokuwa ikifanya tangu 1895, ikatangazwa kuwa mahali pa kihistoria pa kuhifadhiwa. Zikapatikana fedha za wafadhili wa Kireno, yakapatikana mafundi, na kufikia 1960 makumbusho yalikuwa wazi. Mimi ni mpenzi wa Ngome na nimeingia humo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba kuta zilizojengwa na Wareno kuanzia 1593 zilipata mlinzi wake ndani ya miaka miwili, na karatasi ya wanawake wa mji ule ule, ya mwaka ule ule, mpaka leo haijapata hata rafu moja ya kuonyeshwa mjini hapa.

Nchi nyingine zimefanya tofauti. New Zealand, ambayo wanawake wake walipata kura Septemba 1893 kabla ya nchi nyingine yoyote inayojitawala, imelitunza ombi la wanawake wake, lile ambalo kiongozi wao Kate Sheppard aliliunganisha karatasi kwa karatasi kwa gundi na kulikunja kwenye kipande cha mpini wa ufagio, na linaonyeshwa katika maktaba ya taifa mjini Wellington. Nyumba ya Sheppard ya Christchurch nayo iligeuzwa makumbusho. Huko Manchester, Uingereza, nyumba alimoishi Emmeline Pankhurst, ambamo mwaka 1903 kilianzishwa chama cha wanawake wa kudai kura, ilikuwa ibomolewe, wanawake wakaipigania na mwaka 1987 ikafunguliwa kwa umma. Ni nyumba ya kawaida ya matofali, ya familia, wala si kasri. Sizitaji nyumba hizi ili tuige kila kitu chao. Nazitaja kwa sababu ya ukubwa wake: jambo zito liliwekwa katika vyumba vya kukaa watu, na likaenea.

Mji wetu una vifaa vya kutosha kujaza vyumba vya kiasi hicho, na hapa naomba ruhusa nirefushe kidogo. Watu wanaofikiri wanawake wa Mombasa hawakuwa na siasa hawajausikia ushindani wa vyama vya lelemama. Banu Saada na Ibinaal Watan walishindana kwa sare, kwa karamu, kwa nyimbo za mafumbo zilizomfikia mlengwa kabla ngoma haijavunjika. Ndani ya vyama hivyo palikuwa na vyeo, michango, nidhamu, mikutano na mbinu za kumvuta mtu kutoka upande wa pili, na asiyeona kwamba hiyo ni skuli ya siasa basi hajapata kugombea hata uenyekiti wa kamati ya maji. Miaka ya 1950 baadhi ya wanawake wakaunda vyama vya Kiislamu vya elimu na maendeleo, na ujuzi wa kukusanya watu wakaingia nao. Bara Tanganyika jambo kama hilo lilionekana wazi zaidi: Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, aliwaingiza wanawake katika TANU, chama kilichodai uhuru, kuanzia 1955 kupitia vikundi hivyo hivyo. Kwetu jambo hili limebaki kwenye vibaraza vya wazee, na wazee wanapungua.

Kwa bahati njema, watatu kati yao walisikilizwa wakati wangali hai. Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy waliwasimulia maisha yao watafiti Sarah Mirza na Margaret Strobel, na masimulizi hayo yakachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989 na baadaye kwa Kiswahili chenyewe walichokisema. Yamo ya utumwa na uungwana, ya makungwi, ya ndoa na talaka, ya ngoma na ya elimu. Mchapishaji ni chuo kikuu cha Indiana, Marekani. Mjukuu wa Mombasa anayetaka kumsikia bibi wa Mombasa akizungumza Kimvita analazimika kuagiza kitabu ng'ambo ya bahari, na hilo peke yake lingetosha kuwa sababu ya barua hii.

Najua kuna atakayeuliza, na Mekatilili je? Mekatilili wa Menza lazima awemo. Mwanamke aliyewaapisha Wagiriama 1913 waupinge utawala wa Waingereza, akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, akahamishiwa mbali magharibi ya nchi, kisha akatoroka na kurudi kwao, hawezi kuachwa nje ya nyumba yoyote ya wanawake wa Pwani. Hata hivyo naomba asitumiwe kuwafunika wengine. Mazoea yetu ni kwamba likitajwa neno mwanamke shujaa wa Pwani hutajwa yeye, watu wakapiga makofi, na mazungumzo yakaishia hapo. Yeye tayari ana bustani ya jina lake Malindi. Chumba cha kwanza kinaweza kuanza mbali zaidi, kwa Mwana Mkisi, ambaye mapokeo ya mji yanamtaja kuwa malkia wa Mvita, yaani Mombasa ya kale, kabla ya Shehe Mvita, kikapita kwa Mekatilili, kikafika kwenye makala za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye mapema miaka ya 1930 aliwahimiza Waislamu wa mji huu wasomeshe binti zao. Yeye ni mwanamume, ndiyo, na anastahili ukuta wake. Baadaye aje Priscilla Abwao, mwanamke Mwafrika wa pekee katika mazungumzo ya katiba ya Lancaster House mwaka 1962, na Grace Onyango aliyeingia Bungeni 1969 akiwa mbunge mwanamke wa kwanza kuchaguliwa. Katiba ya 2010 ituletee Wawakilishi wa Wanawake wa kaunti, na mwaka 2022 umlete jirani yetu Fatuma Achani wa Kwale, gavana wa kwanza mwanamke katika Pwani. Pale pale pawekwe bila kuficha ibara ya 81 ya Katiba inayotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa, pamoja na ushauri wa Jaji Mkuu wa Septemba 2020 kwamba Bunge livunjwe kwa kushindwa kuitimiza. Wageni wasome na wajionee wenyewe.

Kuhusu nyumba yenyewe, Mji wa Kale umekuwa eneo la uhifadhi rasmi tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na kila anayepita Ndia Kuu au kushuka kuelekea Forodhani anaziona nyumba zilizofungwa zikisubiri ama mrithi ama mvua ya kuziangusha. Nyumba zetu za zamani zinafaa kwa kazi hii. Upana wa chumba umefuata urefu wa boriti, kwa hivyo vyumba ni vyembamba na virefu, na mgeni hupita kimoja baada ya kingine bila kupotea. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene na hutuliza joto. Nawasihi tu kwamba itakapokarabatiwa ipakwe chokaa, isipakwe saruji. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi ikatoka, na baada ya misimu michache lipu humeguka pamoja na mawe, jambo ambalo mafundi wazee wa mji wamelisema hadi wamechoka. Karatasi na picha zinataka masanduku yasiyo na asidi na mtu wa kuzikagua kila wiki, kwani hewa yetu ya bahari, mchwa na mende havina likizo. Leso zisitundikwe juani wala chini ya taa kali mwaka mzima. Zibadilishwe kwa zamu, nyingine zikipumzika gizani.

Kilicho muhimu kuliko nyumba ni sauti, na sauti haziwezi kungoja ukarabati. Aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1963 sasa amepita miaka 80. Kazi ya kuwarekodi wanawake hawa inaweza kuanza mwezi ujao, kwa simu nzuri, kipaza sauti cha kushikiza kwenye nguo, na mabinti wawili wanaoijua lugha ya wazee na wanaojua kunyamaza. Wawe mabinti, kwa sababu kuna mambo ambayo mama wa Kuze au Majengo hatamwambia kijana wa kiume. Na pawe na makubaliano ya maandishi yanayosomwa kwa sauti kabla ya kurekodi: yupo atakayekubali maneno yake yaandikwe lakini sauti yake isisikike na wanaume asiowajua, yupo atakayekubali sauti lakini si picha, na yupo atakayetaka jina lake lisitajwe mpaka atakapofariki. Sitara ya mwanamke isichukuliwe kuwa ni kizuizi cha kuondolewa. Makumbusho yanayomheshimu huyo ndiyo yatakayoletewa makasha.

Nimekwisha kuyasikia majibu mawili ninapolizungumza jambo hili. La kwanza ni kwamba Ngome ipo, na kona moja ingetosha. Ngome ina kiingilio, ina mizinga mlangoni, na mama anayetoka sokoni na kikapu chake hapati sababu ya kuingia humo. Nyumba ya mtaani ataingia, hata ikiwa ni kupumzika barazani kwanza. La pili ni kwamba wananchi wanataka maji na dawa, hawataki picha za kale. Maji nayataka mimi pia, mfereji wangu haujatoa tone tangu juzi. Lakini wanawake wa 1958 hawakudai kura kwa kuipenda karatasi. Waliidai kwa sababu walikuwa na mambo ya kudai, na binti wa leo anayesimama kwenye mkutano wa ushirikishaji wa umma kuuliza juu ya mfereji angesimama imara zaidi akijua kwamba bibi zake walishika kalamu kabla yake.

Kwa upande wa sheria, sioni kizuizi. Jedwali la Nne la Katiba linayataja makumbusho waziwazi miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, ilhali majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yako chini ya serikali kuu. Ndiyo sababu nimewaandikia nyote katika barua moja, ili mmoja asiseme ni kazi ya mwenzake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Naomba nyumba hii iandikwe katika mpango kwa jina lake, pamoja na mshahara wa mhifadhi mmoja na msaidizi wake, maana tumeyaona majengo yaliyozinduliwa kwa utepe na kupigwa kufuli mwezi uliofuata. Na Makumbusho ya Kitaifa, mkishirikiana na Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa iliyoko Nairobi, naomba mlitafute ombi la 1958 na barua zilizoandikwa kulihusu, nakala zije Mombasa zisomwe na wajukuu wa waliotia sahihi.

Leso ya nyanya yangu ninayo. Imefungwa ndani ya kitambaa cheupe cha pamba, mbali na jua, na nimekwisha kuwaarifu ndugu zangu kwamba siku mhifadhi wa nyumba hiyo atakapoajiriwa na kufungua daftari lake, nitaipeleka mwenyewe kwa mkono. Nitasubiri aandike jina lake kamili, mtaa wake na mwaka 1963, kisha anikatie risiti.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mjukuu wa mpiga kura wa 1963,
Kibokoni, Mombasa.